Vita vya Majini, Ghorofa ya Tatu

Mjomba wangu ana kipaji cha kupandisha watu vyeo. Binamu yetu aliyekuwa utingo wa lori la mchanga, kwa maneno ya Mjomba yuko "mambo ya uchukuzi". Dada yangu anayeuza mitumba Gikomba ni "mwagizaji wa bidhaa za ng'ambo". Kwa hivyo aliposikia kwamba mimi, mtoto wa dada yake, nimeandikishwa katika jeshi la wanamaji la Marekani na kupangiwa manowari aina ya destroya, hakuona haja ya kuuliza mengi. Siku niliyotua Nairobi kwa likizo, ploti nzima kule Umoja ilikuwa na habari kwamba anakuja yule kijana wa kurusha makombora.

Mimi ni mpishi.

Nilimwambia tangu simu ya kwanza. "Mjomba, mimi napika."

"Sawa, sawa," akajibu, akishusha sauti. "Nimeelewa. Simu zinasikilizwa."

Tangu hapo kila nilipolitaja jiko mbele ya watu, yeye aliwakonyeza: "Mnaona? Wamefunzwa kuficha." Ukikubali ni mrusha makombora, umekuwa mrusha makombora. Ukikataa, umekuwa wa kitengo cha siri. Nikaona heri ninyamaze nile chapati zangu.

Na wala sina aibu na kazi yangu. Destroya hizi za jamii ya Arleigh Burke, ambazo ya kwanza iliingia kazini mwaka 1991, zina urefu wa mita 155 hivi, na ndani mnaishi watu wapatao 300. Hao 300 wanakula asubuhi, mchana, jioni, halafu tena usiku wa manane kwa ajili ya wanaopokezana zamu. Kombora linaweza kukaa kwenye tundu lake miaka na miaka lisirushwe. Mayai lazima yarushwe kila siku, na bahari ikichafuka yanajirusha yenyewe.

Nilifikaje huko? Nilishinda grini kadi, nikaenda Texas, nikawa natunza wazee wa watu usiku na kulala mchana. Siku moja ya joto nikaingia ofisi ya kuandikisha wanajeshi kwa sababu niliona ina kiyoyozi. Nilipotoka nilikuwa nimeweka sahihi. Mafunzo yao yako Great Lakes, Illinois, kaskazini mwa Chicago, mahali ambapo bahari yenyewe haipo, ni ziwa tu na baridi ya kukata masikio. Mtihani wa mwisho unafanyiwa ndani ya jengo, kwenye mfano wa destroya unaoitwa Trayer, wenye urefu wa zaidi ya mita 60, uliozungukwa na maji na usiokwenda popote. Usiku kucha mnatiliwa moshi, mnapigiwa milipuko ya bandia, mnamiminiwa maji baridi, na nyinyi mnakimbia juu na chini kuiokoa meli ambayo haijawahi kutoka mlangoni. Asubuhi mnatoka mmelowa chapachapa, mnaambiwa sasa nyinyi ni mabaharia.

Nayaeleza haya kwa sababu yatatufaa mbele. Katika jeshi lile hakuna mpishi mtupu. King'ora kikilia, naacha sufuria nilivyoziacha na kukimbilia kikosi changu cha uokoaji, maana kila mtu melini ni zimamoto na kila mtu ni fundi wa kuziba tundu. Milango ya chuma ina herufi X, Y na Z, na shari ikija ile yenye Z inafungwa yote ili maji yabaki chumba yalikoingilia. Paipu ikipasuka tunazo hambo za mbao laini, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, za kila kipimo. Unaiviringishia kitambaa, unaichomeka, unaigongomea kwa nyundo. Mbao inakunywa maji, inavimba, inashika. Wanatufundisha kwa habari za USS Cole, iliyolipuliwa bandarini Aden tarehe 12 Oktoba 2000. Mabaharia 17 walikufa, na waliobaki walipambana na maji siku kadhaa, usiku na mchana, hadi meli ikabaki juu. Ukishasikia hayo, huachi mlango wazi tena maishani.

Basi nikafika Umoja.

Jioni ya kunikaribisha, Anti alikuwa amepika pilau ya sufuria mbili na kutandika vitambaa vyake vyote kwenye makochi, vile vyeupe vya kufuma ambavyo mtu akivikalia vibaya vinateleza na kumfuata hadi mlangoni. Majirani wakaja. Mjomba akasimama na soda mkononi, akahutubia. Alisema meli yangu ni kubwa kuliko Uwanja wa Nyayo. Alisema nikibonyeza kitufe kimoja pale nilipo, kitu kinalipuka bara jingine. Mtoto mmoja akauliza kama ninaweza kulipua shule yao wakati wa likizo, watoto wakiwa hawapo.

Nikajaribu kusimulia mambo ya kweli, maana ya kweli nayo yana utamu wake. Niliwaambia tunalala kwenye vitanda vya ngazi tatu, vyembamba, ukigeuka unapiga pua kwa aliye juu. Hawakushtuka, nusu yao walisoma bweni. Niliwaambia maji ya kuoga yanatengenezwa kutokana na maji ya bahari, kwa hivyo kuoga ni kwa kubana: lowa, funga, jipake sabuni, fungua, jisuuze, toka. Wenzangu kutoka Florida walinung'unika hadi wakaota mvi. Mimi niliyelelewa kwa mtungi mmoja wa lita 20, watu watano, na masalio yanapigia deki, niliona nimefikia hotelini.

"Na simu?" akauliza binamu. Nikamwambia kuna simu za ndani zinazoendeshwa na nguvu ya sauti yako mwenyewe, hazina betri wala stima. Mjomba, ambaye bando lake huisha kila mara akiwa katikati ya kujisifu, akataka kujua zinauzwa wapi.

Waliyoifurahia kweli ni habari ya ikweta. Kwenye meli za kivita, asiyewahi kuuvuka mstari ule kwa bahari huitwa kiluwiluwi, na siku ya kuvuka hufanyiwa vituko mbele ya Neptune, mfalme wa bahari, ambaye siku hiyo alikuwa fundi wa injini mwenye ndevu za nyuzi za mopu. Mnavaa nguo nje-ndani, mnatambaa kwenye sitaha, mnarushiwa maji ya chumvi. Nikapinga. Nikamwambia bosi wetu wa jikoni, mimi ikweta nimeivuka tangu sijaota meno yote, nikienda Nanyuki kwa nyanya, nimepakatwa kwenye matatu juu ya gunia la viazi. Tena pale kwenye bango vijana wanakuonyesha maji yakizunguka kwenye karai, upande huu wa mstari hivi, upande ule vile. (Ni mkono wa kijana unaozungusha, lakini mwache naye ale.) Bosi akanisikiliza hadi mwisho, akasema kwa matatu haihesabiki. Nikatambaa. Kifungua kinywa cha viluwiluwi siku hiyo kilikuwa uji wa rangi ya kijani uliotiwa kila kitu kikali kilichokuwemo stoo, na aliyeamrishwa kuupika ni mimi, halafu nikapewa bakuli langu.

Wakacheka. Mjomba akacheka pia, kisha akawanong'oneza wageni kwamba hiyo ya uji ni lugha ya mafumbo.

Mtu mmoja hakuwa akicheka na Mjomba, alikuwa akicheka na mimi. Ni mzee wa ghorofa ya pili, mtu wa Pwani, ambaye ploti nzima humwita Mzee Baharia. Alikuwa katika jeshi la majini la Kenya, lile lililozaliwa Desemba 1964 pale Mtongwe, na alikuwa mtu wa KNS Nyayo, mojawapo ya zile manowari mbili za makombora zilizojengwa Uingereza miaka ya 80. Ya pili inaitwa Umoja. "Nimetumikia Nyayo, nimestaafia Umoja," ndivyo anavyojitambulisha, na watu wa bara hawajui kama anatania.

Akanisogelea na sahani yake. "Mwanangu, king'ora kikilia, kituo chako wapi?"

"Kikosi cha uokoaji, Mzee. Cha nyuma."

"Na kisipolia?"

Nikatazama kushoto na kulia. "Jikoni."

Alicheka hadi punje za pilau zikampalia. "Basi usiwaambie."

"Nimewaambia, Mzee. Hawataki."

Sasa ngoja nieleze habari ya maji, maana asiyeishi Nairobi hatanielewa. Umoja maji ni ya mgao. Yana siku zake, na siku zenyewe yanazijua yenyewe. Wiki hiyo mabomba yalikuwa makavu, kwa hivyo kila mtu akipita jikoni anafungua koki, anasikiliza kile kiupepo "fyuuu", anasonya, anaenda zake. Wapo wanaokumbuka kuifunga tena. Halafu wapo watoto wa binamu. Na usiku ule sinki lilikuwa limejaa sahani za karamu, na tundu la chini limezibwa na pilau.

Maji ya Umoja yakirudi, hurudi saa ambazo hata mbwa wamelala. Tena hurudi na hasira ya siku zote yalizokosekana.

Nilikuwa nimelazwa sebuleni kwenye kochi, mguu mmoja juu ya stuli, mkono mmoja umening'inia. Mkono ndio uliojua kwanza. Vidole vilikuwa ndani ya maji.

Kama ungekuwa wewe, mtu wa kawaida, ungewasha taa ukaenda kufunga koki. Lakini mwili wangu ulikuwa bado Norfolk, kwenye kambi yetu ya wanamaji kule Marekani. Kabla akili haijaamka, miguu ilikwisha simama, na mdomo ukapiga ukelele wa Kiingereza uliofundishwa kwa miaka, "Mafuriko! Mafuriko! Hili si zoezi!" Halafu, kwa kuwa king'ora sikukiona, mkono ukakamata sufuria ya pilau na mwiko wa Anti, nikaanza kugonga.

Mkaazi wa mtaa wowote wa Nairobi anajua sufuria ikigongwa usiku wa manane maana yake ni nini. Maana yake ni wezi. Nilisikia vyuma vya milango vikifunguliwa kuanzia ghorofa ya chini hadi kwenye tangi.

Nikapiga mbio jikoni. Maji yalikuwa yakimwagika kutoka sinkini. Nikaikamata koki, nikaifunga kwa nguvu ya kufunga mlango wa chuma wa manowari. Koki ile ilikuwa imeishi hapo tangu ploti ijengwe. Ikazunguka, ikazunguka tena, kisha ikanibakia mkononi, nzima, na ukutani pakabaki tundu linalopiga maji mfululizo hadi kwenye friji. Kalenda ya duka la mbao ikang'oka na kuelea.

"Fungeni milango!" nikapaza sauti. "Yote! Wekeni taulo chini!"

Binamu na wanawe wakaamka, na kwa kuwa niliongea kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya, wakatii. Chumba cha kulala, kikafungwa. Bafu, likafungwa na kusokomezwa taulo kila upenyo. Huko ndiko kuliko na tundu la sakafuni la kutolea maji, lakini akili yangu ilikuwa bado melini na hakuna aliyenikumbusha. Maji yakiwa yamenyimwa bafu, yakachagua mlango mkubwa, yakaanza kushuka ngazi.

Mjomba akatokea kwa bukta na koti la suti. Sijui koti lilikuwa la nini, nadhani alihisi kwamba historia imefika. Nikamfanya tarishi, maana tunafundishwa hivyo, simu zikikatika mtu anabeba ujumbe kwa miguu. "Mjomba, nenda kwa keateka. Mwambie: maji, ghorofa ya tatu, jikoni, koki imetoka, kina kimefika kifundo cha mguu. Rudia."

Akarudia neno kwa neno, akatoka mbio. Niliambiwa baadaye kwamba alipofika chini, pumzi zimemwishia, alichomwambia keateka ni neno moja: "Tumeshambuliwa."

Jikoni, Anti alikuwa amesimama na tochi ya simu, leso kichwani, hasemi kitu. Nikatafuta hambo. Hakuna hambo. Nikatazama mkononi, nikauona mwiko.

Nataka muuone mwiko huu. Ni mwiko wa ugali, mrefu, aliopewa na mama mkwe siku ya arusi yake. Kichwa chake kimeliwa upande mmoja kwa miaka ya kukwangua ukoko, mpini umeng'aa kwa mafuta ya viganja, na kuelekea mwisho unachongoka kidogo kidogo hadi unene wa kidole gumba. Nikaupima kwa macho dhidi ya lile tundu. Hata stoo za Norfolk zisingenipa kipimo kizuri zaidi.

"Kitambaa!" nikasema.

Anti akaanza kutafuta kitambaa kibovu. Nilikuwa na haraka, nikanyoosha mkono sebuleni, nikapata kile cha juu ya redio.

"Si hicho!" Yalikuwa ndiyo maneno yake ya kwanza tangu janga lianze. Nilikuwa nimekwisha kuviringisha. Nikachomeka mpini, maji yakanipiga kifuani, usoni, puani. Nikaichukua koki iliyong'oka nikaiuma kwa meno ili mikono iwe huru, nikanyakua mchi wa kinu cha kitunguu saumu, nikaanza kugongomea.

Hapo ndipo majirani walipoingia.

Jiweke mahali pao. Wameamshwa na sufuria ya wezi. Wamepanda ngazi zinazotiririka maji, wana rungu, wana mguu wa meza, mmoja ana ufagio. Wanamulika tochi jikoni kwa Anti, wanakuta mwanamume ambaye nusu yao hawamjui, kifua wazi, analowa, anapiga ukuta kwa chuma, na mdomoni ameng'ata koki ya shaba. Na mtaa wetu ulikuwa umetoka kuibiwa mita za maji, zikapelekwa kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu.

"Anang'oa koki!"

"Mshike!"

"Mmmh-mmh!" nikajitetea. Jaribu kujitetea na koki mdomoni.

"Huyo ni mgeni wangu!" Anti akapiga kelele.

"Ni soja wa Amerika!" akadakia binamu.

Mwenye mguu wa meza akanitazama juu hadi chini, akatazama ukutani. "Soja gani anapigana na mwiko?"

Swali lilikuwa la haki, na sijapata jibu lake hadi leo. Aliyeniokoa ni Mzee Baharia, aliyepanda polepole na kandambili zake mkononi, akapenya katikati ya marungu. Akamulika ule mwiko, akamulika kitambaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mwacheni," akasema. "Anaziba. Na anaziba vizuri." Kisha akanisogelea sikioni. "Bwana mpishi. Ile koki kubwa ya nje, umeagiza ifungwe?"

Sikusema kitu, na safari hii si kwa sababu ya koki.

Nyuma ya umati alikuwapo soja wa geti, kijana mpole mwenye koti kubwa kuliko yeye, aliyepanda na rungu lake kama wengine. "Ile iko karibu na kibanda changu?" akauliza. "Si mngeniambia tu?" Akashuka. Hakukimbia.

Nikaendelea kugonga. Pigo, pigo, pigo, na kwenye pigo la mwisho maji yakakatika. Hakuna hata tone. Jikoni pakawa kimya, watu wakanitazama kwa macho mengine kabisa. Wakati huohuo sauti ya soja ikapanda kutoka chini: "Nimefunga!"

Mpaka leo ploti ile ina vyama viwili. Chama cha mwiko kinasema maji yalisimama kabla soja hajafika chini. Chama cha koki kinasema mwiko ulikuwa pambo tu. Hoja hiyo ingeisha usiku uleule kimyakimya, lakini soja alipofunga koki kubwa alikuwa amefungia ploti nzima. Na kumbuka, maji yalikuwa yamerudi. Kila mtu aliyeamshwa na sufuria yangu alikuwa, kabla ya kushika rungu, ameweka mtungi chini ya bomba. Ghorofa ya nne wakaanza: "Fungueni! Tunajaza!" Ya chini wakaitikia. Mama mmoja alisema wazi kwamba afadhali wezi, wezi hawafungi maji.

Mzee Baharia akainua mkono. "Ifunguliwe," akasema. "Tujue kama hambo inashika."

Nimewahi kusimama kwenye sitaha tukipita Mfereji wa Suez, na nimewahi kuliona tufani lenye mawimbi yanayoficha upeo. Sijawahi kuogopa namna ile. Watu wasiopungua kumi na tano walikuwa wamejibana ndani ya jiko la upana wa hatua tatu, tochi zote zimemulika mwiko mmoja unaochomoza ukutani. Chini tulisikia soja akizungusha koki. Ukuta ukakohoa. Mwiko ukatikisika kidogo. Kitambaa cha redio kikabadilika rangi, kikalowa, kikatoa tone moja, likaning'inia, likaanguka.

La pili halikuja.

Walishangilia hadi wakawaamsha watu wa ploti ya pili, ambao nao wakatoka na marungu. Mwenye mguu wa meza alinipa mkono. Mzee Baharia akapita kimyakimya sebuleni, akavuta taulo chini ya mlango wa bafu, akaufungua, na maji yote yakaondoka zake kupitia lile tundu kwa dakika chache. Hakunitazama alipokuwa akifanya hivyo, nami namshukuru.

Aliyekosa kushangilia ni Mama Mapacha wa ghorofa ya pili, chini yetu kabisa. Alipanda akiwa amebeba mto wa kochi, akauminya mbele yetu, akatuachia maji yetu sakafuni, akashuka.

Asubuhi akaja fundi. Akausimamia ule mwiko kwa muda, mikono kiunoni. Akauvuta kwa mkono. Akauvuta kwa plaiza. Akaleta spana kubwa, akaweka mguu ukutani, akavuta hadi mshipa wa shingo ukamtoka. Mwiko ulikuwa umekunywa maji usiku kucha.

"Hii kazi amefanya nani?" akauliza.

"Ni huyu," akasema Mjomba, akinisukuma mbele. "Mambo ya ulinzi."

"Basi mwambie akae hukohuko kwa ulinzi. Hapa lazima nivunje ukuta."

Saa ya chakula ikafika fundi bado anapiga patasi, na Anti akagundua kwamba hawezi kusonga ugali, kwa kuwa mwiko wa ugali uko ukutani. Akatuma mtoto kwa Mama Mapacha kuazima. Mtoto akarudi na jibu ambalo sitaliandika. Nikaomba nikapike wali badala yake, nikauweka mezani na kuku wa nazi, mambo ambayo nimeyafanya kwa watu 300 meli ikiyumba. Fundi akala, akanyamaza, akaongeza sahani.

"Huyu kijana ni mpishi," akasema.

Mjomba akamkonyeza. "Ndivyo anavyoambiwa aseme."

Wakati huo simu ilikuwa sikioni mwake, anawasimulia watu wa nyumbani usiku ulivyokuwa, na nikasikia kina cha maji kimefika kiunoni na wezi wamekuwa tisa. Fundi akanawa mikono, akatoa daftari lenye mafuta, akaandika risiti taratibu kwa kalamu inayokwama, akamkabidhi Anti. Anti akaisoma, akaikunja, akaniwekea kwenye kiganja bila neno.

Koki moja. Tepu ya kuzuia kuvuja. Simiti nusu mfuko. Na chini kabisa, kwa bei iliyozidi hizo zote zikijumlishwa: kung'oa kombora.